Uzito Uko Wapi? Uchambuzi wa Kisa cha Kubadilisha Shokapu za Nyuma za Pikapu Nyumbani

Kisa hiki kinahusu pikapu ya dizeli yenye kabini mbili, ya kuvuta magurudumu yote manne, ambayo mmiliki wake aliamua kuibadilishia shokapu za nyuma katika uwanja wa nyumba yake badala ya kuipeleka gereji. Jina lake, mji anaoishi na namba za gari vimeondolewa, na maelezo machache yasiyogusa kazi yenyewe yamebadilishwa ili asitambulike. Nimekiandika kutokana na mazungumzo na mmiliki huyo na mpwa wake aliyeshika spana, picha walizopiga kwa simu wakati wa kazi, na ukaguzi nilioufanya chini ya gari miezi kadhaa baadaye. Kubadilisha shokapu za nyuma huhesabiwa kuwa kazi nyepesi ya nati nne, na kwa hesabu ya nati ni kweli. Hata hivyo, karibu kila kilichoharibika katika kisa hiki, na karibu kila kilichofaulu, kilitegemea swali moja ambalo mtu anayetazama nati peke yake halioni: wakati huo uzito wa gari ulikuwa umebebwa na nini?

Gari na mazingira yake

Pikapu ilikuwa imetembea zaidi ya kilomita 200,000, nyingi kati ya hizo katika barabara za changarawe za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ikibeba viazi na mahindi msimu wa mavuno na watu msimu uliobaki. Barabara ya changarawe ikikaa muda mrefu bila kupitiwa na greda hujikunja kama bati, na gari linalopita juu ya mikunjo hiyo huzipandisha na kuzishusha shokapu mara nyingi katika kila sekunde. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayolazimisha mafuta kupita kwenye vali na matundu madogo, na ukinzani huo ndio unaogeuza mruko wa gurudumu kuwa joto. Mafuta yakipata joto kali na kuchanganyika na hewa hufanya povu, nalo povu hupita kwenye vali bila ukinzani wa maana. Ndiyo sababu shokapu nyingi za siku hizi hujazwa gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo, ili mafuta yasitoe povu kwa urahisi.

Nyuma, gari hili lina ekseli moja nzima iliyokaa chini ya springi za bapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwenye ekseli kwa U-bolti. Shokapu ya kulia imefungwa mbele ya ekseli na ya kushoto imefungwa nyuma yake. Wapo wanaodhani kwamba mpangilio huo ni kosa la fundi aliyetangulia, lakini ndivyo pikapu nyingi za springi za bapa zinavyotoka kiwandani: shokapu zikikaa pande mbili za ekseli husaidia kuizuia isijiviringishe na kutetemeka gari linapoondolewa kwa nguvu au linapofungwa breki. Juu, kila shokapu imeingia kwa pete yake kwenye pini iliyochomelewa kwenye chesisi, yaani fremu ya gari, na chini imeingia kwa pete ya pili kwenye pini ya bamba linaloshikwa na U-bolti. Katika kila pini kuna bushi ya mpira yenye bomba la chuma katikati yake, washa kubwa na nati ya milimita 17.

Dalili, na jinsi zilivyosomwa

Mmiliki alikuwa na malalamiko matatu. Mkia wa gari ulikuwa ukirukaruka na kuhamia pembeni kwenye kona za changarawe, hasa likiwa tupu. Upande wa kulia ulikuwa ukigonga kila gurudumu lilipoingia shimoni. Na gari likiwa limesimama mahali tambarare, nyuma lilikuwa limeinama kidogo kulia. Yote matatu aliyaweka kwenye hesabu ya shokapu.

Malalamiko mawili ya kwanza aliyasoma vizuri. Shokapu ya kulia ilikuwa imelowa mafuta kuanzia kwenye sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, hadi chini, na vumbi lilikuwa limegandia hapo na kuwa tabaka nene la tope jeusi. Hali hiyo ni tofauti na ule unyevu mwembamba unaoweza kuonekana kwenye shokapu ambayo bado ni nzima. Bushi ya chini ya upande huohuo ilikuwa imechanika kiasi kwamba bomba lake lilikuwa likigusa chuma cha pete, na mlio wa kugonga ulikuwa ukitoka hapo. Kushoto kulikuwa kukavu, lakini shokapu zilikuwa za umri mmoja, na uamuzi wake wa kununua jozi ulikuwa sahihi: shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili huifanya ekseli itulie bila usawa.

Alifanya pia jaribio la kupanda kwenye bampa la nyuma na kulitikisa gari, na alishangaa kuona likitulia baada ya mtikisiko mmoja. Jaribio hilo lina maana kidogo sana kwenye pikapu. Springi za bapa zina msuguano wao wenyewe, bapa likisugua bapa, na uzito wa mtu mmoja hautoshi kuushinda msuguano huo. Kwa hiyo gari lenye shokapu zilizokufa kabisa linaweza kuonekana limetulia uwanjani na bado likaruka barabarani. Ni vizuri kwamba aliamini alichokiona kwenye sili kuliko alichokiona kwenye bampa.

Kuinama kulisomwa vibaya. Shokapu ya kawaida haibebi gari; uzito wote wa nyuma unakaa kwenye springi, na kazi ya shokapu ni kutuliza mwendo wa springi hiyo. Gesi iliyomo ndani inaweza kusukuma juu kwa nguvu ya kilo chache, lakini si nguvu ya kuinua upande wa pikapu ulioshuka. Kipimo kimoja tu cha utepe, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, gari likiwa tupu na matairi yakiwa na upepo sawa, kingetosha kumwambia kwamba tatizo liko kwenye springi. Kipimo hicho hakikuchukuliwa.

Kununua vipuri

Jozi ya kwanza waliyouziwa mjini ilirudishwa dukani kabla gari halijaguswa, na huu ni uamuzi ninaousifu. Mpwa aliikata kamba iliyokuwa imeibana shokapu moja mpya, akaiacha ifunguke yenyewe kwa nguvu ya gesi, akailinganisha na urefu wa ile ya zamani ikiwa imefunguka. Pete na bushi zilikuwa za ukubwa uleule, lakini shokapu mpya ilikuwa fupi kwa wazi. Ilikuwa ya pikapu ya jina hilohilo inayovuta magurudumu mawili, ambayo chesisi yake imekaa chini zaidi.

Shokapu fupi ya namna hiyo ingeweza kufungwa bila shida na gari likatoka uwanjani. Kosa lingejulikana baadaye, gurudumu lilipodondoka kwenye shimo refu: pistoni ingefika mwisho wa bomba kabla springi haijamaliza kunyooka, na kuanzia hapo shokapu ingekuwa ikipokea uzito wa ekseli nzima kwa kishindo, kazi ambayo haikutengenezewa. Shokapu ndefu kupita kiasi ina hatari ya upande wa pili, yaani kugonga mwisho wake gari likibeba mzigo kabla mpira wa kuzuia ekseli haujaguswa. Jozi ya pili ililingana na ya zamani kwa urefu ikiwa imefunguka, na pia ikiwa imebanwa.

Siku ya kazi

Siku kadhaa kabla, mpwa alisugua nyuzi za pini zote nne kwa brashi ya waya na kuzipulizia mafuta ya kulainisha kutu kila jioni. Asubuhi ya kazi gari liliwekwa kwenye sakafu ya zege, gia ikaingizwa, na magurudumu ya mbele yakawekewa kabari za mti pande zote mbili. Hadi hapo maandalizi yalikuwa mazuri kuliko ya gereji nyingi ninazozifahamu.

Kisha waliliinua gari kwa kuweka jeki kwenye chesisi, wakaliegemeza kwenye stendi mbili za chuma zilizowekwa chini ya chesisi hiyohiyo, na wakatoa magurudumu ya nyuma ili wapate nafasi. Stendi zilikuwa imara na gari halikutikisika. Jambo ambalo hawakulizingatia ni kwamba ekseli yote, pamoja na difu (gia za katikati ya ekseli) na ngoma za breki, sasa ilikuwa inaning'inia hewani. Springi zilikuwa zimenyooka kadiri shokapu zilivyoziruhusu, na shokapu zile kuukuu ndizo zilizoizuia ekseli isishuke zaidi.

Walianza kulia. Nati ya chini ilifunguka, lakini pete haikutaka kutoka kwenye pini. Wakadhani ni kutu. Mpwa aliigonga kwa nyundo kutoka nyuma, na pete ilipochomoka, upande wa kulia wa ekseli ulishuka ghafla. Hakuna mkono uliokuwa chini yake, na hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote katika kisa hiki. Juu walikutana na nati iliyoshikwa na kutu. Walijaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, ikagoma, na mmiliki akaamua kwamba nati ikatwe kwa msumeno wa chuma na kupasuliwa kwa tindo badala ya kuongezea spana bomba refu. Nitarudi kwenye uamuzi huo, kwa kuwa ulikuwa bora kuliko wote walioufanya siku ile.

Shokapu mpya ya kulia ilifungwa juu na nati yake ikakazwa moja kwa moja hadi mwisho. Mpwa alipoinama kutafuta pini ya chini, aliona kwamba hozi ya breki inayotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli imenyooka kama kamba iliyovutwa. Walisimamisha kazi na kumwita jirani yao, fundi mstaafu.

"Shikamoo mzee. Tumefika nusu, lakini hozi imekaza."

"Marahaba. Usilegeze kitu kingine, mwanangu. Ipandishe ekseli kwanza, halafu ndiyo tuzungumze."

Maamuzi baada ya ekseli kushuka

Jeki iliwekwa chini ya bomba la ekseli upande wa kulia na ekseli ikapandishwa mpaka hozi ikalegea. Fundi alikagua nyaya za breki ya mkono na fimbo ya ile vali inayogawa nguvu ya breki ya nyuma kulingana na mzigo, ambayo nayo imeunganishwa kati ya ekseli na chesisi. Vyote vilikuwa salama. Hozi yenyewe ilionekana nzima kwa nje ilipolegea, lakini alipoikunja kwa vidole karibu na kiungo chake cha chuma, mipasuko midogo ilijitokeza kwenye mpira. Aliamuru ibadilishwe kabla gari halijatoka barabarani. Haikuwezekana kujua kama mipasuko ililetwa na mvuto wa siku hiyo au na umri, na alisema kwamba swali hilo halibadilishi uamuzi. Nakubaliana naye kabisa. Hozi ya breki haihukumiwi kwa kuangalia nani mwenye kosa.

Uamuzi wake wa pili ulibadilisha kazi yote iliyobaki. Aliwaambia warudishe magurudumu, waondoe stendi, na walishushe gari likae kwa miguu yake. Mmiliki alipinga mwanzoni, kwa kuwa aliamini kazi ya chini ya gari lazima ifanyike gari likiwa juu. Lakini pikapu ya aina hii ina nafasi ya kutosha chini kwa mtu kulala chali na kufika kwenye pini zote nne, na ikiwa juu ya magurudumu yake, ekseli haina mahali pa kushukia. Shokapu ya kushoto ilitoka bila nyundo, kwa mkono na mtikiso kidogo, kwa sababu haikuwa imebeba chochote. Mpya iliingizwa juu ikiwa bado na kamba yake, kisha kamba ikakatwa na gesi ikaisukuma taratibu hadi mpwa akailenga pini ya chini. Nati zote za kushoto, na ile ya chini ya kulia, zilikazwa mwisho gari likiwa limekaa hivyo. Nati ya juu ya kulia, iliyokuwa imekazwa ekseli ikiwa inaning'inia, haikukumbukwa.

Matokeo

Gari lilikaa uwanjani mpaka hozi mpya ilipopatikana na breki zikatolewa hewa. Baada ya hapo mkia uliacha kuhamia kwenye kona na mlio wa kugonga ukaisha. Shokapu kuukuu ya kulia, ilipobanwa kwa mkono mezani, ilizama karibu nusu ya safari yake bila ukinzani wowote.

Kuinama kulibaki vilevile. Karakana ya springi iliposafisha tope la upande wa kulia ilikuta bapa la pili limekatika karibu na bolti ya katikati, mahali ambapo macho hayafiki kirahisi. Bapa lilibadilishwa na gari likakaa sawa.

Katika ukaguzi wangu, bushi tatu zilikuwa nzima. Ya juu kulia ilikuwa imeanza kuchanika kuzunguka bomba lake la katikati, na mchaniko ulikuwa umeelekea upande mmoja.

Uchambuzi

Nianze na bushi hiyo, kwa sababu inafundisha jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipuuza. Mpira wa bushi ya aina hii hauzunguki juu ya pini. Nati ikikazwa, bomba la katikati hubanwa na kuganda kwenye pini, na kila shokapu inapobadili mwelekeo wake kidogo, mpira ndio unaojipinda kati ya bomba na pete, kisha unarudi. Kwa hiyo hali ambayo gari linakuwa nayo wakati wa kukaza ndiyo mpira utakayoihesabu kuwa ya mapumziko. Ukikaza ekseli ikiwa chini kabisa, gari likishuka juu ya magurudumu mpira unakuwa umejipinda tayari kabla ya safari kuanza, na unabaki hivyo usiku na mchana. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee hapa: upande huohuo ulikuwa na bapa lililokatika, na ekseli yake ilikuwa ikisafiri zaidi kuliko ya kushoto. Lakini bushi ya chini ya kulia, iliyopitia barabara zilezile na bapa lilelile bovu, ilikuwa nzima, nayo ilikazwa gari likiwa chini. Tofauti hiyo naipa uzito mkubwa.

Stendi chini ya chesisi hazikuwa kosa kwa kila kazi. Kwa kutoa springi ndipo mahali pake. Kwa shokapu, zinahamisha uzito wa ekseli na kuupeleka kwenye kile hasa unachotaka kukifungua. Pete iliyogoma kutoka kwenye pini ilikuwa ikitoa taarifa hiyo. Kutu hushika kote kuzunguka pini, na mara nyingi pete iliyoshikwa na kutu haisogei hata kidogo. Pete iliyobeba uzito huwa imelalia upande mmoja wa pini na kuacha mwanya upande wa pili. Katika picha moja ya mpwa mwanya huo unaonekana wazi, juu ya pini. Anayelazimika kuinua gari, kwa mfano pikapu iliyoshushwa au yenye matairi madogo, aweke stendi chini ya ekseli yenyewe, karibu na springi, ili springi zibaki zimebanwa kama zinavyokuwa barabarani. Matofali na mawe yasitumike hata kwa dakika moja, kwa kuwa hupasuka bila onyo.

Kukata nati kulistahili sifa niliyoitoa. Pini ya juu imechomelewa kwenye chesisi. Ikikatika kwa kulazimishwa na bomba refu, kazi ya nyumbani inakwisha na inaanza kazi ya kuchomelea karibu na tangi la mafuta na mabomba ya breki. Nati ni kitu cha kununua dukani kwa bei ndogo. Kwa sababu hiyohiyo walifanya vyema kutotumia moto kuilegeza, zaidi ya hayo ukiwa karibu na bomba la shokapu lenye gesi iliyobanwa. Walipata tabu kidogo tu: nyuzi za pini zilikwaruzwa na tindo mahali pamoja, zikanyooshwa kwa faili dogo kabla nati mpya haijapanda.

Katika kuingiza bushi mpya walitumia maji ya sabuni, si grisi wala oili, na hilo pia lilikuwa sahihi, kwani mafuta ya aina hiyo hulainisha mpira na kuuvimbisha. Mpangilio wa washa waliupata kutoka kwenye picha waliyopiga kabla ya kufungua.

Hawakuwa na spana inayopima mkazo, na walikaza kwa hisia ya mkono. Kwa nati inayokaza bomba la chuma, kulegea ni hatari kuliko kinachodhaniwa, kwa sababu bomba lisiposhikwa huanza kucheza juu ya pini na kuila. Kitabu cha gari hutoa kipimo cha kila nati, na kipimo cha juu si lazima kilingane na cha chini. Walichofanya badala yake ni kuweka alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye pini na kuziangalia baada ya safari ya kwanza ya changarawe. Hakuna alama iliyokuwa imehama. Nati za kujifunga zenyewe zilizotoka pamoja na shokapu mpya zilitumika zote, na za zamani hazikurudishwa.

Bushi ya juu kulia inabadilishwa na mpwa mwenyewe. Atailegeza na kuikaza gari likiwa juu ya magurudumu yake, bila mzigo, na dereva akiwa ametoka.